Mavi ya Mbuzi na Mayai ya Chekeamwezi

Aliyesema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, bila shaka alikuwa mwanamume. Mwaka 2013 nililea mimba nikiwa nimelala chali kwenye mkeka, uani mwa nyumba ya kupanga huko Nawoitorong, Lodwar, na mpaka leo sijafanya kazi ngumu kuliko hiyo. Daktari aliniambia maneno machache tu. Nisiiname, nisinyanyue ndoo, nisishike fagio. Mlango wa kizazi changu ulikuwa dhaifu, alisema, na nikiuchosha mtoto atatoka kabla ya wakati wake kama alivyotoka yule wa kwanza.

Yule wa kwanza nilimpoteza Kakuma, mwaka mmoja kabla. Mume wangu ni fundi wa pampu za visima na kazi yake ilikuwa kambini, kwa hiyo tulikaa Kakuma mjini kwenye chumba cha mabati. Siku uchungu uliponishika mapema, aliyenishika mkono ni mama mmoja Mkongo aliyekuwa akishona nguo na kuziuza sokoni. Mtoto alitoka hana pumzi. Niliporudi nyumbani sikulia. Nilifagia chumba, nikafagia nje, kisha nikakusanya vijinguo vyote ambavyo yule mama alinishonea, nikavichoma moto nyuma ya choo. Alikuja akasimama mlangoni akautazama moshi.

"Mama, lia kwanza," aliniambia. "Ile kufagia utafagia kisha."

Sikumsikiliza. Nilimwomba apishe kidogo nimalize pale alipokuwa amesimama.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa fagio. Nimezaliwa Malindi, na mama yangu alinifunza kwamba ua ndio uso wa mwanamke, mgeni huusoma kabla hajaiona sura yako. Nilipoolewa na Mturkana nikaambiwa huko niendako ni mchanga na miiba, nilifunga fagio langu la chelewa, zile njiti za makuti, ndani ya kanga nikalipandisha basi mpaka Kitale, kisha basi lingine mpaka kwenye mchanga wenyewe. Watu walinicheka njia nzima. Niliwaacha wacheke.

Mimba ya pili ilipotimiza miezi minne, mume wangu alikodi nyumba Lodwar ili niwe karibu na hospitali, na kwa kuwa yeye alikuwa akirudi kila baada ya wiki mbili, alimwita mama yake kutoka Lokiriama aje anitunze. Mavyaa alishuka kwenye lori na mbuzi sita. Nguo alikuwa na ile aliyoivaa, na shanga zake shingoni, na kifuko cha tumbaku. Lakini mbuzi walikuwa sita.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kiturkana changu kilikuwa salamu tu. "Ejok" asubuhi, "ejok" jioni, na katikati tunanuniana. Mbuzi walilala ua wa nyuma, ndani ya boma la miiba ya mathenge, na kila kukicha ua ulikuwa umejaa vidonge vyeusi. Mavyaa alifagia kwa tawi la mti, mara mbili tatu, kisha akaacha. Mimi nimelala pale nayatazama mavi yale kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, siwezi kuinuka. Hakuna adhabu ambayo ingenifaa zaidi.

Nilimlalamikia mume wangu kwenye simu. Alinisikiliza, kisha akaniambia nisimbishie mama yake. "Mama hajawahi kupoteza hata mtoto wa mbuzi," alisema. Halafu akasikia mwenyewe alichokisema. Nilimkatia simu, na siku mbili sikuipokea.

Chekeamwezi walikuja baada ya mvua ya Aprili. Kule Malindi nilikuwa nawasikia tu wakati wa magharibi, sikuwahi kumwona mmoja kwa karibu. Ni ndege wa miguu mirefu, magoti manene, macho makubwa ya njano, na manyoya yenye rangi ya mchanga uliomwagikiwa chai. Walikuwa wawili. Walizunguka uani siku tatu nzima wakiinama na kuinuka, na siku ya nne nikamwona jike amelala kwenye kona ya mbali karibu na miiba. Hakujenga kiota. Alilala juu ya ardhi tupu, na aliposimama kumpisha mwenzake niliyaona mayai mawili, ya rangi ya udongo yenye madoa, kiasi kwamba nikipepesa macho nayapoteza.

Najua mnavyofikiri. Mwanamke mwenye mimba, ndege anaatamia, loo, wameonana. Hata mimi nilijicheka. Lakini mtu aliyelazwa miezi hachagui cha kutazama. Saa sita mchana, jua la Lodwar lilipokuwa likichoma mpaka mkeka unakuwa moto, ndege yule alisimama juu ya mayai bila kuyagusa, mbawa zimelegea, mdomo wazi, akiyakinga kwa kivuli chake mwenyewe. Alisimama hivyo kwa muda wa saa tatu, hata nne. Siku moja nikamwambia Mungu, kwa sauti, mavyaa akiwa hayupo: ukiwatotoa hawa, na wangu utaniachia. Sikuona aibu. Mtu aliyekata tamaa hupatana bei na yeyote. Tangu siku hiyo mayai yale hayakuwa tena ya ndege peke yake, na kila nilipofumbua macho asubuhi niliangalia kwanza kona ile kabla sijaweka mkono tumboni.

Ndipo nilipoanza kumwona mavyaa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mbuzi, alikuwa akiokota mavi kiganja kizima, anakwenda polepole mpaka karibu na ndege, anachuchumaa, anayamwaga. Huku kimoja, kule vitatu, na vijiwe na vijiti kati yake. Ndege alimtazama tu. Nilidhani ni uchawi, kisha nikadhani ni uzee, kisha nikaamua ni uchafu tu wa mtu ambaye hawezi kuona mahali safi akapaacha palivyo. Nilimkataza kwa ishara. Alinitazama, akatema tumbaku pembeni, akaenda zake.

Siku niliyofanya nilichofanya ilikuwa Ijumaa. Mume wangu alikuwa aje jioni kutoka Kakuma, na sikutaka akute ua ule. Mavyaa alitoka mapema kupeleka mbuzi ukingoni mwa mto Turkwel. Nilisubiri mpaka siwasikii tena, nikainuka, nikatoa fagio langu nyuma ya mlango. Nilijiambia nitafagia nikiwa nimesimama wima, lakini fagio la chelewa halina mpini, lazima uiname. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliinama.

Nilifagia ua wote. Kwenye kona ndege aliondoka akinyata, akasimama karibu na miiba akinikodolea macho, nami nikafagia kuzunguka mayai kwa uangalifu mkubwa, taratibu, mpaka nikaacha duara safi la mchanga lenye mistari ya fagio. Niliokota hata kidonge cha mwisho. Mayai mawili yalikaa katikati kama yaliyowekwa kwenye sahani. Nilirudi kwenye mkeka kiuno kikiniuma, nikawa na furaha. Lazima niandike hilo pia. Nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nifike Turkana, na ndege alirudi akalala juu ya mayai yake.

Kunguru walifika adhuhuri. Walikuwa wawili, wale wa shingo nyeupe. Walitua juu ya boma na sikuwajali, kwani walikuwa wakipita kila siku bila kuona kitu. Siku hiyo waliona. Mmoja alishuka mbele ya ndege, akarukaruka akimchokoza, na chekeamwezi akafungua mbawa na mkia akamwendea kwa hasira. Hatua mbili tu. Yule wa pili alishuka nyuma yake, akadonoa yai, likamvunjikia mdomoni, akaruka nalo linavuja.

Sikumbuki nikiinuka. Nakumbuka nimesimama pale konani, fagio nimelirusha, napiga kelele kwa lugha ya nyumbani, na kunguru wote wawili wamekaa juu ya paa wakisubiri nichoke. Lilikuwa limebaki yai moja. Nilivua kanga ya juu nikaishika kwa mikono miwili kulitengenezea kivuli, nikasimama hivyo. Nilidhani namsaidia. Ndege alikuwa ng'ambo ya boma, anatembea huku na huku, hawezi kuja kwa sababu mimi nipo. Hilo sikulifikiri hata kidogo. Nilisimama mpaka nikahisi mapaja yamelowa, nikaangalia chini, nikaona damu.

Nilikwenda kulala kwenye mkeka. Niliacha yai juani, ndege bado hajarudi. Nilipiga simu Kakuma ikawa haipatikani. Baadaye nilijua kwamba mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko juu, na laga zote, ile mito mikavu inayokatiza barabara, zilikuwa zimejaa maji, magari yamelala upande huu na upande ule. Nilikaa na kunguru wale na damu ile mpaka saa kumi.

Mavyaa aliporudi hakuniangalia kwanza mimi. Aliangalia ua. Alitembea mpaka konani, akachuchumaa juu ya ile mistari ya fagio. Kisha alinigeukia.

"Hii mavi ni nguo ya yai," alisema. "Wewe ametoa nguo. Kunguru ameona."

Nilimjibu maneno ambayo hadi leo nayaonea haya. Nilimwambia yeye na mbuzi wake ndio waliomleta kunguru, kwamba aliitwa kumtunza mtu akaona bora atunze mifugo, kwamba kama wa kwanza alikufa Kakuma huyu wa pili atakufa kwa uchafu wake. Sijui alielewa kiasi gani. Alielewa vya kutosha, maana alikunja uso. Halafu akaiona damu kwenye kanga yangu.

Alikwenda bomani haraka, akachota mavi viganja viwili, akarudi konani akayamwaga kuzunguka lile yai moja, ndipo akaja kuniinua. Zilikuwa sekunde chache sana, na kwa sekunde hizo nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Alisimamisha bodaboda barabarani kwa kusimama mbele yake. Nilikaa katikati, yeye nyuma akinishikilia kiuno kwa mikono ile ile yenye mavi.

Hospitali walininyanyulia miguu ya kitanda, wakanidunga sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Moyo wake ulikuwa bado unapiga. Daktari alisema tunasubiri, kila siku akikaa ndani ni faida. Mume wangu alifika siku ya tatu, matope mpaka magotini, akakaa siku chache akarudi kazini, na sikumwambia kuhusu fagio. Mavyaa alikuja kila siku kwa miguu na chupa ya chai ya maziwa. Baada ya yale niliyomtukana, ningesema nini? Nilimuuliza neno moja tu.

"Yai?"

"Iko," alijibu.

Kesho yake tena. Yai? Iko. Ilikuwa ndiyo salamu yetu, badala ya ejok. Nilikuwa nakunywa chai yake baada ya kuisikia, si kabla.

Wiki ya pili nilivunjika. Msichana wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa akinichekesha kwa kuiga sauti za wauguzi, alijifungua mapema, na mtoto wake hakufika jioni. Walimtoa akiwa amekumbatia shuka tupu. Usiku huo damu yangu ilianza upya kidogo, na asubuhi niligeukia ukutani. Niliacha kula. Nilimwambia muuguzi asinipime tena, asinisumbue, kwani najua mwisho wake. Nilitaka kufa. Silisemi kwa kupamba. Nilikuwa nimelala nikipanga nani atarudishiwa vyombo vyangu Malindi.

Mavyaa alikuja siku ya kwanza ya kutokula kwangu, akaona sahani. Akaja siku ya pili, akaona sahani. Siku ya tatu alichelewa. Aliingia adhuhuri, mavumbi miguuni, akakaa pembeni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sikumuuliza kitu.

"Mtoto ya ndege ametoka," alisema.

Niligeuka. Nilimuuliza lini. Alisema asubuhi. Nilimuuliza yukoje. Alionyesha kwa kidole na gumba ukubwa wake, akasema miguu mirefu, anakimbia, mama yake amempeleka kwenye miiba kivulini. Alisema yote hayo bila kunitazama, akifungua chupa ya chai. Nilimuuliza tena na tena na kila mara alinijibu. Jioni hiyo nilikula ugali wote, na muuguzi nilimnyooshea mkono mwenyewe.

Mwanangu alizaliwa siku ya sita baada ya hapo, alfajiri, mimba ikiwa bado haijatimiza miezi minane. Msichana. Alikuwa mdogo hata niliogopa kumwita mtoto. Muuguzi alimvua, akanifunga naye kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, akaniambia nisimtoe hapo hata nikichoka. Alikuwa akisahau kupumua. Tulikuwa tukimchapa wayo kwa kidole, mimi mchana, mavyaa na mimi kwa zamu usiku, mume wangu naye alipofika, na kila alipokumbuka kupumua ndipo na sisi tunapumua. Siku kumi na moja tuliishi hivyo. Nilipokata tamaa nilikuwa nikijikumbusha kifaranga cha Nawoitorong. Mungu alikuwa ameshalipa nusu, nilisema, hawezi kukimbia nusu nyingine.

Tukaruhusiwa, tukarudi nyumbani. Ua ulikuwa haujaguswa mwezi mzima. Mavi kila mahali, majani, vijiti, na sikuhisi hasira hata chembe. Mume wangu alikwenda kutafuta maji. Mimi nikiwa na mtoto kifuani nilitembea moja kwa moja mpaka konani, nilitaka tu kupaona pale kifaranga alipototolewa.

Yai lilikuwa pale.

Lilikuwa zima, halina ufa, limefifia kidogo kwa jua. Na kulizunguka, huku kimoja, kule vitatu, kulikuwa na vidonge vya mbuzi vya asubuhi hiyo hiyo, bado vina unyevu. Nilisimama pale nikahesabu kichwani. Lilikuwa limekufa ile Ijumaa, wakati nilipolisimamia na kanga yangu na mama yake hana njia, na baadaye nilipoliacha juani. Yote mawili niliyaua mimi. Na mavyaa alijua tangu mwanzo, na ile "iko" yake ya kila siku haikuwa uongo.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimwambia alinidanganya kuhusu kifaranga.

"Ee," alisema. "Wewe alikuwa nataka kufa."

Nilimuuliza, basi kwa nini bado analivisha, yai lililooza.

"Mama yake bado anakuja."

Nililia. Sikulilia yai. Nilimlilia yule wa Kakuma, kwa mara ya kwanza, kwa sauti, na vile vijinguo nilivyovichoma huku mama Mkongo akiniambia nilie. Mavyaa aliniacha. Kisha alinyoosha mikono, nikafungua kanga, nikampa mtoto, naye akamweka kwenye ngozi yake chini ya shanga kama muuguzi alivyotufundisha. Mimi nikapiga magoti. Kwetu husema mavi ya kale hayanuki. Haya yalikuwa mapya, na niliyaokota kwa mkono mtupu, nikayapanga kuzunguka yai kimoja kimoja, naye akinielekeza kwa kidevu pale nilipoacha pengo. Jioni chekeamwezi alikuja, akapita kati ya vidonge, akasimama juu ya yai lake.

Alikuja siku nane zaidi. Siku ya tisa hakuonekana, wala ya kumi. Siku ya kumi na moja mavyaa aliingia ndani, akatoka na fagio langu la chelewa alilokuwa amelificha chini ya paa, akanipa mkononi. Nilifagia ua wote. Kona ile niliiruka, na hadi tulipohama nyumba ile niliendelea kuiruka.